Shahidi wa Sululu Mdogo

Kama uliishi Gisenyi mwaka wa tisini na saba au wa tisini na nane, na ukataka kwenda mahali popote, hata Kanama tu kununua viazi, ulipita kwanza mbele ya meza ya Evode. Alikuwa karani wa karatasi za njia katika ofisi ya komini, serikali ya eneo letu. Uliketi kwenye benchi, ukangoja, ukaitwa, ukataja jina lako na la baba yako, unakokwenda, unachofuata huko na siku utakayorudi. Evode akayaandika yote kwa mwandiko wake wa shule ya mapadri, akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke, akakuambia safari njema. Maelfu ya watu walipitia mikononi mwake wakaenda zao. Yeye mwenyewe alikuwa na mwaka mzima na nusu hajavuka kizuizi cha mwisho cha mji. Mganga hajigangi.

Si kwamba hakuwa na pa kwenda. Mkewe, Kabatesi, na binti zao wawili, Umuhire na Munezero, walikuwa Nairobi tangu katikati ya mwaka wa tisini na sita, kwa dada yake Kabatesi. Walitangulia ili wasichana wawahi shule. Evode alisema atawafuata baada ya wiki tatu, akimaliza kukabidhi faili. Wiki tatu hizo zikazaa miezi, na miezi ikazaa mwaka na zaidi. Watu wenye silaha wakaanza kushuka kutoka milimani, magari ya barabara ya Kanama yakawa yanakwenda kwa msafara wa askari, na mkuu wa komini, Bwana Karenzi, akatangaza kwamba hakuna karani wake atakayeondoka hali ikiwa hivyo, isipokuwa ameitwa kwa barua rasmi na taasisi inayoeleweka.

Karenzi alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula. "Bwana Evode," alimwambia, "mimi si mkatili. Mke wako ni shemeji yangu. Lakini wewe ukiondoka leo, kesho nani atanionyesha faili ya mtu yeyote humu ndani?"

Penye nia pana njia, husema watu ambao hawajawahi kukaa karibu na kizuizi. Evode alipanga chumba kimoja Mbugangari, nyuma ya gereji. Saa kumi na mbili jioni kila mtu alitakiwa awe ndani. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, hatua mbili tu, na Evode aliujua ukuta ule tofali kwa tofali. Jioni moja aligundua kwamba anaujua kuliko anavyozikumbuka sura za binti zake, na jambo hilo likamtisha mpaka akashindwa kula. Ziwa lilikuwa pale chini, zuri la kuudhi, na ng'ambo yake milima, na kila kitu kilikuwa kinaonekana vizuri sana na hakuna kilichofikika.

Kilichomzuia asipasuke ni ndege. Usicheke. Wako waliosalimika kwa pombe na wako waliosalimika kwa sala, na wote niliwaona wakilia mwisho wa mwezi.

Kabla ya mahangaiko yote, wakati bado wanaishi Zaire, ng'ambo ya mpaka, upande wa Masisi alikozaliwa, Evode alifanya kazi miaka kumi na minne katika kituo cha utafiti chini ya mama mmoja wa Kizungu, Daktari Lotte. Kazi yake ilikuwa kutega nyavu nyembamba kwenye vinamasi, kunasua ndege bila kuwavunja bawa, kuwapima, kuwavisha pete mguuni na kuwaachia. Huko ndiko alikojifunza kwamba kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi, wanafika ndege kutoka nchi za barafu. Wanakimbia baridi ya kwao, wanakaa kwenye matope yetu hadi mwezi wa tatu, kisha wanarudi kutaga. Wako vitwitwi wa kila namna, ambao hata mtoto anawaona wakitikisa mikia kandokando ya maji. Na wako sululu, wenye mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia, ambao hujificha nyasini.

Kati ya hao sululu yuko mmoja mdogo kuliko wote. Sululu wa kawaida ukimkaribia hatua kumi anaruka kwa makelele, anakata kushoto, anakata kulia, na kishanga kizima, kama tunavyokiita kinamasi, kinapata habari. Sululu mdogo hana mambo hayo. Anabana. Unapita hatua mbili kutoka alipo na yeye anakutazama tu. Haruki mpaka unyayo uwe juu yake, na akiruka hatoi sauti, anakwenda kidogo, anatua, amepotea. Mgongoni ana mistari miwili ya rangi ya asali. Evode aliwahi kumshika mmoja mara moja tu katika maisha yake, mwaka wa themanini na nne, na mpaka leo angeweza kukuonyesha kwenye kiganja mahali moyo wake ulipokuwa ukidunda.

Chini ya mji, upande wa kuelekea Rubavu, kilikuwapo kishanga kidogo, majani na mafunjo, ambacho watu wengi waliona ni uchafu tu. Evode alikiona mara ya kwanza Januari ya tisini na sita, na siku hiyohiyo akajua kwamba kama sululu mdogo yuko popote upande huu wa ziwa, basi yuko hapo. Akaenda na darubini yake. Darubini, na wakati ule! Askari wa kizuizini walimwuliza anachungulia nini. Akasema anahesabu vitwitwi. Koplo akamwangalia kwa huruma kama anavyoangaliwa mgonjwa, akaichukua darubini, akampa karatasi ya kuijia hali itakapotulia. Karatasi ile bado anayo.

Mwezi uliofuata kishanga kikafungwa kabisa. Kulikuwa na mabomu ya mkono yaliyotupwa mle na watu waliokimbia, na mtu akionekana nyasini alihesabiwa kuwa ni adui. Walioruhusiwa ni ng'ombe tu, maana ng'ombe hana upande. Na ng'ombe waliokuwa wakishuka pale walikuwa wa mzee mmoja, Habumugisha.

Habumugisha alikuwa na kama miaka sitini na mitano. Alitoka Masisi na ng'ombe arobaini na watatu, mke na watoto wa kiume wawili. Akafika Gisenyi na ng'ombe kumi na mmoja. Habari za wengine hakuzisema, na Evode, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza watu maswali, hakumwuliza. Mzee alipokuja mezani kuomba kibali cha malisho, Evode aliandika: mchungaji mmoja, ng'ombe kumi na mmoja, na msaidizi mmoja. Kisha kwenye nafasi ya jina la msaidizi akaandika jina lake mwenyewe, akagonga muhuri kabla aibu haijamfika.

Basi kila Jumapili baada ya misa, karani wa komini alivua viatu, akakunja suruali, akashika fimbo, akawa mchunga ng'ombe hadi saa sita. Na hapo ndipo alipogundua kwamba darubini haikuwa na maana. Ndege anamwogopa mtu, lakini ng'ombe anamwona ni sehemu ya mahali. Ng'ombe kumi na mmoja wakitembea kwa mstari nyasini ni wavu unaotembea: ndege wanaruka mbele ya kwato, hatua tatu au nne kutoka puani mwako, na wewe uko nyuma ya mkia unahesabu. Tena pale kwato ilipokanyaga salama, mguu wa mtu ulikanyaga salama. Habumugisha aliongoza kwa mluzi, Evode akahesabu kwa vidole na kuandika kwenye daftari la shule. Vitwitwi thelathini. Sululu wa kawaida saba. Sululu mdogo, hakuna. Jumapili baada ya Jumapili, hakuna.

"Wiki inakuja iko dimanche ingine, Papa Umuhire," mzee alimfariji kila mara; dimanche ndiyo Jumapili yake. Alimwita hivyo, kwa jina la binti yake mkubwa, kama desturi, na kila alipomwita Evode alisikia mwiba na raha pamoja.

Mwezi wa kwanza mwaka wa tisini na nane ikafika barua. Ililetwa na gari la parokia, chini ya viti, maana posta ilikuwa jina tu. Daktari Lotte alikuwa sasa Nairobi. Aliandika kwamba katika taasisi yake imepatikana nafasi moja ya mtu wa kusimamia hesabu za ndege wa vinamasi, kwa mshahara na karatasi zote, na kwamba yeye anamtaka Evode. Lakini wenzake kwenye kamati wanamtaka mtu aliyefanya kazi miaka hii, si zamani. "Uliwahi kuniandikia kwamba huenda sululu mdogo yuko kwenu," alisema. "Upande huo hajathibitishwa. Nipe huyo, na hawatakuwa na neno." Ndani kulikuwa na fomu. Iandikwe, isainiwe na aliyemwona, na isainiwe pia na shahidi wa pili aliyemwona kwa macho yake siku hiyohiyo. Ifike kabla Februari haijaisha.

Evode alisoma barua ile akiwa amesimama, akasoma tena akiwa amekaa, akalala nayo chini ya shati. Kazi, barua rasmi, taasisi inayoeleweka, Kabatesi. Vyote vilikuwa vimekaa juu ya mgongo wa ndege mmoja asiyezidi ngumi.

Ndege hakuonekana, na shahidi naye hakupatikana. Evode alidhani la pili litakuwa jepesi, na hapo alikosea kama mgeni. Alimwendea katekista, mtu mpole, akamweleza: twende Jumapili, ukiona kitu nitakachokuonyesha kule nyasini, utasaini kwamba umekiona. Katekista akarudi nyuma hatua mbili. Alimwendea Nyirabagenzi, muuza samaki, mwanamke asiyeogopa hata askari, akamwambia anahitaji shahidi. "Shahidi?" akasema Nyirabagenzi, akajitanda kitenge vizuri, akaanza kupanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliokwisha kupangwa. Miaka ile hukuweza kumwomba mtu wa Gisenyi aandike jina lake chini ya maneno kwamba aliona kitu kimejificha. Watu waliokuwa wameona walikuwa wanazikwa. Evode mwenyewe alilijua hilo, kila siku alikaa mezani akilisikia, lakini tamaa ya kutoka ilikuwa imemziba masikio.

Hata Habumugisha alitikisa kichwa. "Kuandika jina yangu najua, nilisomaka hata ya tatu. Lakini siliandikake mahali, Papa Umuhire. Jina yangu ikae kwangu."

"Hata kwa mimi, Muzee?"

"Tuone kwanza ile ndege," mzee akajibu, akageukia ng'ombe wake.

Katikati ya Februari, mchana mmoja ofisini, benchi likiwa tupu, Evode aliitoa fomu akaiweka juu ya meza. Kidau cha wino kilikuwa hapo mkononi. Alikuwa ameona madole gumba ya watu wengi kuliko kinyozi anavyoona vichwa, na alijua kwamba huko Nairobi hakuna mtu atakayejua kama dole hili ni la shahidi au ni la kushoto la Evode mwenyewe. Akalichovya. Akalishikilia juu ya karatasi. Angeweza kumdanganya Daktari, na kumdanganya Karenzi hata yeye Evode akiwa amelala. Lakini siku ya kwanza tu, kabla hata ya chai, Kabatesi angemwuliza, "Ulimwona kweli?" Kwa sababu Kabatesi alimjua, na alijua habari ya yule ndege wa themanini na nne. Evode akalifuta dole kwenye soksi, akaita mtu wa kwanza aliyeingia.

Ikabaki Jumapili moja. Tarehe ishirini na mbili. Gari la parokia lingeondoka Jumanne, na lingine lisingekuwapo kabla ya mwezi kwisha.

Siku hiyo walizunguka kishanga kama kawaida. Vitwitwi ishirini na mmoja, sululu wa kawaida wanne. Saa tano ilipopita, Evode alisimama akaangalia majani yaliyolazwa na kwato, na kwa mara ya kwanza akaona kitu ambacho mwenye macho alipaswa kuwa amekiona zamani. Njia ya ng'ombe ilifunika kishanga chote isipokuwa pembe moja, ile ya mashariki, penye mafunjo mafupi na tope jeusi. Kila walipoikaribia, Habumugisha alipiga mluzi na ng'ombe wakageuka.

"Muzee, leo tupite kule."

"Kule iko mubaya. Si nilikuambiaka? Katoto ka ng'ombe kalizamaka kule."

"Mwaka gani?"

"Ile mwaka tulifika."

"Basi ni zamani. Mi sina dimanche ingine, Muzee. Niko na hii tu."

"Matope ya kule haikaukake," mzee akasema, na hakumtazama usoni.

Evode hakubishana tena. Alipita katikati ya ng'ombe, akatoka kwenye majani yaliyokanyagwa, akaanza kutembea peke yake kuelekea pembe ya mashariki, mahali ambapo hakuna kwato iliyotangulia. Hakuwa mjinga, na mabomu hayakuwa hadithi. Lakini alihesabu hatua na hakurudi.

"Yewe!" Habumugisha akapiga kelele. "Rudi! Utakufa juu ya kandege?"

Evode akaendelea. Kisha akasikia mluzi mrefu nyuma yake, mluzi ambao hakuwahi kuusikia, na maji yakavuma. Ng'ombe wa mbele, Gaju, yule mwekundu ambaye mzee alimpenda kuliko wote, alimpita kwa kasi ubavuni, matope yakamrukia Evode hadi usoni, na mzee nyuma akimhimiza kwa fimbo na kwa sauti ya kulia. Alikuwa amempeleka Gaju akanyage kwanza.

Gaju aliingia kwenye mafunjo mafupi. Chini ya kwato yake ya mbele, pale pale inapotua, kitu kikaruka. Hakikutoa sauti. Kilikuwa kidogo kuliko Evode alivyokumbuka, mdomo mfupi, na mgongoni mistari miwili ya asali ikiwaka juani. Kilikwenda kama hatua ishirini, chini chini, bila haraka, kikatua nyuma ya kishungi cha majani, kikaisha.

Evode alipiga magoti matopeni. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na alisema jina la mkewe mara mbili tatu, halafu akamgeukia mzee. "Umemuona, Muzee? Umemuona?"

"Nimemuona," Habumugisha akasema. Alikuwa ameshika shingo ya Gaju kwa mikono yote miwili.

Wakatoka wakakaa kwenye tuta, Evode akafuta mikono kwa shati na kuitoa fomu kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Hakuomba mara ya pili. Mzee mwenyewe alisema, "Leta, nitaandika jina." Evode akajaza haraka: mahali, saa, hali ya hewa, umbali, rangi. Akafika sehemu ya shahidi. Jina. Kazi. Na swali la tisa: je, shahidi aliwahi kumwona ndege huyu mahali hapa kabla ya leo, na kama ndiyo, mara ngapi? Kalamu ilikuwa imekwisha kuandika herufi ya kwanza ya hapana.

"Unaandika nini pale?" mzee akauliza.

Evode akamsomea swali. Mzee akachomeka fimbo yake ardhini. Ng'ombe walikuwa wanang'oa majani.

"Na mutu akibesha, akisema uongo, mu karatasi?" akauliza mwishowe.

"Haiko karatasi ya serikali, Muzee. Hakuna mutu anakufunga."

"Karatasi ni karatasi. Andika mara mingi."

"Mara mingi nini?"

"Nilimuonaka mara mingi. Tangu mwaka ya kwanza. Asubui nikishusha ng'ombe ku maji, iko pale, nyuma ya ile mafunjo. Anachezaka hivi." Na mzee, akiwa amekaa, akayadundisha magoti juu chini, juu chini, kichwa kikiwa kimetulia. Ndivyo sululu mdogo anavyofanya akiwa anakula, na Evode hakuwahi kumsimulia mzee jambo hilo.

"Misimu mitatu," Evode akasema. "Ulikuwa unanizungusha misimu mitatu."

"Mwaka ya kwanza ilikuwa juu ya katoto ka ng'ombe kweli. Nyuma ya ile nikamuona. Nikasema, Papa Umuhire akiona hii ndege, bon, amemaliza. Mutu akishapata kitu, anarudia nini? Wiki muzima siongeake na mutu. Naongeaka na Gaju. Dimanche, we unakuja."

"Na barua? Nilikuambia barua! Ulijua Kabatesi ananingoja!"

"Nilijua." Mzee alikuwa anaangalia mikono yake. "Hapo nilikosa. Kila dimanche nilisema, leo nitabipitisha ng'ombe pale. Tukifika, mukono inabigeuza yenyewe. Donc, unipige, ama ulie, ama uandike. Lakini usiandike bubeshi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Evode aliinuka na fimbo mkononi, na nakwambia wazi, alitaka kumpiga. Alitaka kumpiga kwa ajili ya Jumapili sita za tangu barua ifike, kwa ajili ya ukuta wa Mbugangari, kwa ajili ya dole lililochovywa wino. Alimchukia mzee yule kuliko alivyomchukia mtu yeyote wa kizuizini. Na kilichomchoma zaidi ni kwamba alikwisha kuona, kwa jicho lake la karani, maana ya jibu lile. Ndege aliyeonekana mara moja ni bahati. Ndege aliyekaa mahali pamoja misimu mitatu mfululizo, na anasemwa na mtu anayemwona kila asubuhi, huyo ni habari ya kumfanya Daktari Lotte aruke kitini. Uongo wa mzee ndio uliokuwa umemkatia tiketi.

Akakaa. Akafuta ile herufi, akaandika: ndiyo, misimu mitatu, karibu kila siku. Habumugisha akaichukua kalamu kama mtu anayeshika kitu cha moto, akaandika jina lake lote, herufi moja moja, ulimi nje. Ilimchukua muda mrefu.

"Utaenda siku gani?" akauliza akirudisha kalamu.

Evode akakunja fomu, akaitia kwenye mfuko wa plastiki. Akavaa viatu vyake na kupanda kilima.

Hakushuka tena Jumapili iliyofuata, wala ile ya baadaye, wala ya tatu. Alikaa chumbani akitazama ukuta, akimkomoa mtu ambaye hakuwapo kuona anavyokomolewa. Jibu likafika wiki ya tatu ya Machi, lenye mihuri miwili na nembo. Karenzi alilisoma mara tatu, kisha akacheka mpaka akavua miwani. "Nimewanyima ruhusa watu wenye mashemeji wizarani," akasema, "nawe unakuja kuombewa na ndege. Nenda, Bwana Evode. Wasalimie wanangu." Akasaini.

Evode alijiandikia karatasi ya njia kwa mkono wake mwenyewe. Jina, jina la baba, unakokwenda, unachofuata. Alipofika penye siku ya kurudi, kalamu ilisimama. Alikuwa amewarudisha watu wangapi kwenye benchi kwa kuiacha nafasi ile tupu! Akaiacha tupu. Furaha aliyokuwa akiingoja ilikuwapo, kubwa, na pembeni yake lilikuwapo swali la mzee, utaenda siku gani, ambalo hakulijibu.

Angeondoka Jumatatu. Jumapili, baada ya misa, alishuka kishangani. Askari alimwambia msaidizi haingii bila mchungaji wake, angoje njiani. Ng'ombe walikuwa mle ndani tayari, mbali, upande wa mashariki, na pembe zao zilionekana juu ya majani. Evode alihesabu, kwa mazoea. Kumi na mmoja. Mwenye ng'ombe hakuonekana.

"Muzee!" akaita. "Muzee Habumugisha! Ni mimi, Papa Umuhire! Mi naenda kesho!"

Gaju alikuwa ameinamisha kichwa, analamba kitu chini nyasini, kwa utulivu, na ng'ombe halambi matope; mzee alikuwa amebana pale chini.

"Muzee, sina kasirani tena!" Akaweka mikono mdomoni, akaanza upya. "Nilikuwa nayo, imeisha! Simama tuagane!"

Akaita mara ya tatu na ya nne. Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, askari akimtazama, naye hakujali. Alisimama pale mpaka saa sita, muda wa kibali ulipokwisha, na nyasi hazikutikisika.